Picha ya Mtu Aliyeshuka Shimoni

Gatina, Kawangware
18 Novemba 2007

Omera Jeconia,

Nimekuficha jambo tangu mwezi uliopita, na nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujalipata kwa mtu mwingine. Nilikwenda kwenye yale makumbusho ya volkano kule Naivasha. Nilikwenda bila wewe, na ndiyo maana nimenyamaza wiki zote hizi.

Nikuulize hali kwanza. Masikio yanaendeleaje? Ndanu aliniambia kwamba siku aliyopita kwako akitoka sokoni Toi ulimjibu maswali ambayo hakukuuliza. Na mguu je? Hapa kwangu Ndanu binti yangu na watoto wake ni wazima. Mimi chakula kinakataa kushuka. Nakunywa uji na chai, hata mkate lazima niuloweshe. Wiki ijayo nitapigwa picha hospitalini, ndipo tutajua.

Sasa hiyo safari. Najua tulikubaliana mwezi wa Julai, ile wiki ardhi ilipotikisika na watu wakashuka ngazi mbio kutoka maofisini mjini. Uliniandikia kwamba hukusikia kitu lakini kitanda chako kilitembea. Nikakujibu kwamba huenda ni Lengai, mlima wetu wa kazi ya ujana, unajigeuza kule ng'ambo ya mpaka, na Septemba ukalipuka kweli. Tukasema mguu wako ukipona twende pamoja tuone walivyoandika habari zake. Lakini kanisa letu lilikodi basi, wazee tukapewa viti vya mbele, nami nikaona nikiungoja mguu wako huenda koo langu lisiningoje mimi.

Ni jengo la mawe meusi yaliyochongwa hapo hapo bondeni, lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza kinaeleza watu wa zamani walivyofikiri, kwamba chini ya mlima kuna mhunzi anafua chuma, au upepo umefungiwa pangoni unatafuta njia. Kuna habari ya kijana mmoja wa Kirumi aliyeutazama mlima ukilipuka akiwa ng'ambo ya ghuba. Mjomba wake alipanda mashua kwenda kuokoa watu, akafia huko. Baadaye kijana aliandika yote aliyoyaona, bila kuongeza chumvi, na wataalamu wa volkano wanamtegemea hadi leo.

Chumba cha pili ni cha vyombo. Nilisimama hapo mpaka Murunga, kijana anayesimamia jumba, akaniletea kiti. Wanayo mashine ya kupima mitikisiko kama yetu, yenye karatasi iliyopakwa masizi na sindano inayochora juu yake. Murunga aliwaambia watoto wa shule kwamba karatasi zilikuwa zikipakwa masizi kwa moshi wa koroboi, watoto wakacheka wakidhani anawatania. Nilikukumbuka ukizungusha ile karatasi juu ya moto, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, ukimfokea kila aliyetaka kuigusa kabla haijapakwa vanishi.

Chumba cha tatu ni cha milima iliyoua watu. Mmoja wa Indonesia ulilipuka mwaka wa 1883, na mlio wake ukasikika kisiwani katika Bahari ya Hindi, mbali kuliko kutoka hapa hadi Kairo. Huo hata wewe ungeusikia. Kuna mji wa Karibea ulioteketea asubuhi moja, karibu watu wote, na mmoja wa wachache waliopona alikuwa mfungwa, kwa sababu seli yake ilikuwa na ukuta mnene.

Chumba cha nne ni chetu. Wameeleza jinsi lava ya Lengai inavyotoka nyeusi kama lami, na baada ya siku chache ikishika unyevu inageuka nyeupe. Na ukutani, omera, ndugu yangu, kuna picha yako. Ni ile aliyoipiga Bwana Mawe, yule Mzungu wetu mpima volkano, mwaka wa 1963. Unaning'inia kwenye kamba, umejifunga kitambaa chenye maji usoni, ufito wa kipimajoto uko mkononi, na chini yako shimo linafuka. Wameikuza ikawa kubwa kama mlango.

Nisamehe kwa kwenda peke yangu. Ndanu atapita kuchukua jibu.

Ndugu yako,
Baba Ndanu


Gatwekera, Kibera
25 Novemba 2007

Mwalimu,

Salamu kwako, kwa Ndanu na watoto. Mimi nipo. Masikio yamefunga duka kabisa. Collins akitaka kunisemesha anaandika kwenye kipande cha katoni, na hilo limeleta amani nyumbani, maana mwenye hasira akimaliza kutafuta kalamu hasira imekwisha. Mguu umevimba lakini unanifikisha msalani na kunirudisha. Hilo koo lako silipendi. Usilifiche kwa daktari kama ulivyonificha safari.

Nilikukasirikia. Siku tatu barua yako ilikaa juu ya redio ambayo siwezi kuisikia, nikawa naitazama tu. Nimewaambia watu wote wa hapa kwamba mimi na Mwalimu tutakwenda kuona kazi yetu ya zamani. Kumbe wewe uko ndani ya basi na akina mama wa kanisa, mnaimba na kugawana mandazi.

Lakini niliporudia kusoma ile sehemu ya picha, hasira iliondoka. Sikujua kama picha ile iko mahali popote. Bwana Mawe aliahidi kunitumia nakala akifika kwao, akafika, akafa. Mimi sina picha hata moja ya ujana wangu, Mwalimu. Hawa watoto wangu wanajua tu kwamba nilikuwa safarini na Mzungu wa mawe. Juzi nimegundua kwamba mke wa Collins miaka yote amedhani nilikuwa mpishi wake.

Unakumbuka lugha yetu ya kamba? Nikivuta mara moja, nimefika. Mara mbili, andika. Nikivuta mfululizo, nitoe. Siku ile ya picha nilivuta mfululizo na wewe ukainama ukingoni ukaniuliza kama nina hakika. Nilikutukana kwa Kijaluo mpaka nikafika juu.

Sasa nijibu swali moja. Chini ya hiyo picha wameandika nini? Uso wangu umefungwa kitambaa, hakuna mtu duniani atakayenitambua isipokuwa wewe. Umeeleza habari za Mrumi na za mfungwa, ukasahau kunieleza hilo. Wameandika nini?

Nduguyo,
Baba Collins


Gatina, Kawangware
9 Desemba 2007

Omera,

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu ya mguu. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya hospitali. Wamekuta uvimbe kwenye umio, njia ya chakula. Daktari ni msichana mdogo, alizungumza nami vizuri, alinichorea kwenye karatasi. Hakunitajia muda nami sikumuuliza. Ndanu hulia jikoni akidhani simsikii. Amesahau kwamba kati yetu wawili kiziwi ni wewe.

Uliuliza wameandika nini chini ya picha. Ni kibao cheusi chenye herufi nyeupe. Kinasema: Jeconia Amolo, aliyeshuka kwenye kreta kupima joto, Ol Doinyo Lengai, 1963.

Sina mengi leo. Kuandika kunanichosha.

Ndugu yako,
Baba Ndanu


Gatwekera, Kibera
23 Desemba 2007

Mwalimu wangu,

Pole, na pole tena. Nilipofika kwenye habari za umio niliiweka barua chini nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe. Nereah, jirani yangu anayeuza dagaa wa omena, aliniletea chai bila kuniuliza, kwa hiyo nadhani uso wangu ulikuwa umemwambia. Fanya wanavyokuambia. Kama watataka kukukata wakukate, wewe ulizoea kuandika namba za joto huku mwenzako anaungua, sasa na wewe vumilia.

Ile nusu nyingine ya barua imenipa Krismasi. Collins alimpelekea mchungaji maneno yale ya kibao, na mchungaji akayasoma kanisani. Nikaambiwa nisimame. Sikusikia makofi lakini niliyaona. Tangu siku hiyo vijana wa pale chini wakiniona wananiita Mzee Volkano. Mmoja aliandika kwenye katoni, akanionyesha: "Niaje buda, ulishuka volkano na hiki kilima cha choo kinakushinda?" Nikamwambia kule nilikuwa na mtu wa kunivuta.

Na huo ni ukweli. Watu hapa wanauliza kama niliogopa. Nawaambia sikuogopa kwa sababu kamba ilikuwa mikononi mwa Kavoi. Ndiyo maana alipozaliwa mwanangu wa kwanza nilimpa jina lako. Mama yangu alilalamika mpaka akaingia kaburini, kwamba mtoto wa Alego ameitwa jina la Ukambani. Nilimwambia jina la rafiki ni jina la ukoo.

Kura ni Alhamisi. Nitakwenda mapema na kigoda changu. Mambo yakitulia, Januari, Collins atanipeleka Naivasha. Nataka nisome lile jina kwa macho yangu haya, ambayo bado yanafanya kazi. Nikishaliona sitamdai mtu kitu tena.

Krismasi njema nyumbani kwako. Kula hata kama ni mchuzi tu.

Nduguyo,
Baba Collins


Ujumbe wa simu, 2 Januari 2008
Kutoka simu ya Ndanu kwenda simu ya Collins

Omera mko hai baada ya matokeo haya ya kura? Sisi tuko. Soko la Toi limechomwa, kibanda cha Ndanu kimekwenda. Hapa wanaume wa plot wanalinda lango kwa zamu. Msitoke. Nijibu. Baba Ndanu


Ujumbe wa simu, 5 Januari 2008
Kutoka simu ya Collins kwenda simu ya Ndanu

Tupo wote. Kredit haikupatikana. Mimi sisikii risasi, wananivuta mkono ndipo nalala chini. Pole ya kibanda. Koo je? Baba Collins


Gatwekera, Kibera
23 Januari 2008

Mwalimu,

Salamu zetu zote. Tumo ndani, tunaishi. Unga umekuwa shida na maduka mengi ni majivu. Vijana wameing'oa reli ikabaki kama ngazi iliyoanguka. Nimewauliza treni iliwakosea nini, wakaandika kwenye katoni, "Mzee, kaa ndani." Basi nimekaa.

Collins analeta barua hii kwa miguu, pamoja na chupa ya asali. Nereah amesema asali inateleza, itapita hata pale uji unapokwama. Nilimkataza mwanangu asije huko kwenu. Nilimwandikia kwa herufi kubwa kwenye katoni yake mwenyewe. Akaniandikia chini yake kwamba mtu anayeumwa ni mwenye jina lake, na kama angekuwa na nguvu zake angekuja yeye. Nikampa chupa.

Nikuambie barua yako inafanya kazi gani hapa. Mabomu ya machozi yakianza, wapangaji wenzangu wa ploti hii hukimbilia kwangu kwa sababu chumba changu kiko nyuma. Watoto wakilia, Nereah ananigusa bega, nami naanza. Nawapitisha vyumba vyote vinne kama ulivyoniandikia. Sijakanyaga pale mahali, lakini sasa hivi naweza kumwongoza mgeni. Wanampenda sana yule mfungwa wa ukuta mnene. Sisi kuta zetu ni udongo na mabati, kwa hiyo mtu mzima mmoja aliuliza kwa dhati kama inawezekana mtu kuomba kufungwa. Mwisho nawafikisha kwenye picha, na wote wanasoma kibao pamoja nami kwa sauti. Nawaona midomo. Jeconia Amolo, aliyeshuka.

Mwambie Collins asikae. Arudi mapema.

Nduguyo,
Baba Collins


Gatina, Kawangware
24 Januari 2008

Omera,

Naandika haraka, mwanao amekaa mbele yangu anakunywa chai na kuangalia mlango. Amefika salama. Amekonda. Asali imepita, mwambie Nereah ninamshukuru. Nimeona habari ya watoto na zile safari zako za vyumba vinne.

Kuna jambo kuhusu yale makumbusho ambalo ninataka kukueleza. Ningependa iwe uso kwa uso. Nimejaribu kulianza kwenye karatasi hii, nikaona Collins hawezi kungoja. Usiende Naivasha kwanza. Barabara si nzuri, na mimi nataka kuonana nawe kabla hujakwenda.

Namruhusu aondoke sasa, jua bado liko juu.

Ndugu yako,
Baba Ndanu


Gatwekera, Kibera
2 Machi 2008

Mwalimu mpendwa,

Ni zaidi ya mwezi sijaona mwandiko wako. Collins anasema Ndanu alimwambia kwa simu kwamba ulilazwa na sasa umerudi nyumbani. Nashukuru kwa hilo. Hapa mguu umepungua uvimbe, labda kwa kukaa ndani kwa lazima. Wakubwa wametia sahihi mapatano Alhamisi. Nereah alinionyesha kwenye gazeti, wanashikana mikono wakicheka kama watu waliotoka arusi. Leo magari yanapita. Watu wanachokora majivu wakitafuta misumari.

Nina habari ambayo hukuipata, hata mimi nimeipata juzi tu, maana Collins alinificha. Siku ile alipotoka kwako na barua yako ndani ya soksi, alipofika kituo cha Fifty-Six alikuta vijana wameweka mawe na magurudumu yanayowaka barabarani. Walikuwa wakiuliza vitambulisho wajue kabila la mtu. Mbele yake kulikuwa na wanaume wawili. Mmoja alipitishwa. Wa pili alivutwa nyuma ya vibanda, na Collins hataki kuniandikia zaidi ya hapo.

Zamu yake ilipofika alitoa kitambulisho. Unakumbuka nilivyomsuta yule karani wa vitambulisho, aliyeacha jina la Amolo kwa uvivu akaandika mawili tu? Kijana alisoma: Collins Kavoi, mzaliwa wa Nairobi. Akasema, "Kavoi ni Mkamba. Kwenu ni wapi?" Collins akasema Machakos. Mwingine akamwambia, "Salimia basi, tusikie." Akatoa salamu za Kikamba, zile marehemu Mama Ndanu alizomfundisha zamani alipokuwa akifunga shule na kuja kukaa kwenu. Alizitoa zote, ya asubuhi na ya mkwe, hakujua ni ipi wanayoitaka. Wakacheka. Wakamrudishia kitambulisho wakamwambia, "Enda, na usirudi njia hii."

Alitembea. Anasema alijizuia asikimbie mpaka alipofika Dagoretti Corner, akakaa kando ya lami. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi alimpa maji.

Mwalimu, mimi nilitoa jina lile kwa heshima tu. Sikujua ninaweka akiba. Ningekuwa nimemwita Otieno kama mama yangu alivyotaka, leo ningekuwa nikimtafuta kwenye vyumba vya maiti. Nimekaa na jambo hili siku mbili nikitafuta namna ya kukushukuru, sijaipata. Najua tu kwamba umenishika mara ya pili.

Sasa, safari. Rafiki wa Collins mwenye karakana ana gari, atatupeleka Naivasha Jumamosi tarehe kumi na tano. Ulisema unataka kuonana nami kabla. Tutapitia kwako asubuhi. Ukiweza kuingia garini tunakwenda sote, ukishindwa tutapita tena tukirudi nikueleze jinsi jina langu lilivyokaa pale ukutani. Nimenunua miwani mpya pale Olympic, siyo ya daktari, lakini herufi nyeupe kwenye cheusi hazitanishinda. Nereah na watu wa ploti wanataka Collins anipige picha nimesimama chini ya picha. Nitavaa koti.

Nduguyo,
Baba Collins


Gatina, Kawangware
9 Machi 2008

Omera Jeconia,

Salamu. Nimesoma barua yako mara nyingi. Namshukuru Mungu kwa Collins. Sikuwa najua, nilimruhusu aondoke nikidhani mchana ni salama.

Hali yangu nikueleze kama ilivyo. Hata maji sasa yanapita kwa shida. Naandika mistari michache, Ndanu ananilaza, halafu naendelea, hii ni siku ya tatu kwenye barua hii. Jumamosi sina hakika nitakuwepo, na kama nitakuwepo huenda sitaweza kuzungumza. Wewe husikii na mimi nitakuwa sisemi. Kwa hiyo uso kwa uso haitafaa kitu, na lazima nikuandikie.

Hakukuwa na basi la kanisa. Makumbusho walinitumia gari. Ilikuwa siku ya kuyafungua, niliketi mbele pamoja na wageni, nikapewa mkasi nikate utepe. Sikukualika kwa sababu nisingeweza kukuleta. Niliyokuandikia kuhusu vyumba ni kweli yote. Mrumi yupo, mfungwa yupo, karatasi ya masizi ipo, watoto wa ploti yako hukuwadanganya. Picha yako ipo na ni kubwa kama nilivyosema. Maneno ya kibao niliyatunga mimi hapa mezani, baada ya kukaa na swali lako wiki mbili. Jina lako halipo pale.

Nikuambie lilivyoanza. Unajua kwamba siku ya kwanza kule Lengai Bwana Mawe alinichagua mimi nishuke, kwa kuwa nilikuwa mwepesi na nimesoma. Unajua nilifika ukingoni nikaona ule moshi nikashindwa kuweka mguu. Uliuchukua ufito mkononi mwangu, ukajifunga kamba. Hukuwahi kunikumbusha siku ile, si kwa mzaha wala kwa hasira, na katika barua zako zote hizi umeandika kana kwamba kazi yangu ilikuwa ya kamba tangu mwanzo.

Nilipoanza kufundisha jiografia nilikuwa na darasa la kidato cha pili, saa za baada ya chakula cha mchana, wanasinzia. Nikawasimulia habari ya mtu aliyeteremshwa kwa kamba ndani ya mlima unaofuka. Wakaamka wote. Mmoja akauliza, "Ni wewe, Mwalimu?" Nilifuta ubao. Mwaka uliofuata mwingine akauliza swali lile lile, nikatikisa kichwa kukubali. Baada ya hapo sikungoja kuulizwa. Nilifundisha miaka mingi, Jeconia, na kila darasa lilishuka nami. Nilisimulia joto la kamba viganjani, kitambaa kinavyokauka usoni, harufu ya kiberiti. Yote niliyapata kwako, jioni zile tulipokuwa tukinawa mikono. Mke wangu aliijua hivyo. Ndanu amekua nayo. Hata ulipokuwa ukija kututembelea na watoto wanaitaja, wewe ulikuwa umeshaanza kutosikia vizuri, na mimi nilikuwa nikiongea chini.

Sijui kama niliamini. Nadhani kuna miaka niliamini.

Ijumaa Ndanu alipeleka posta barua yangu kwa Murunga. Nimemweleza aliyeshuka ni nani na nimemwomba abadilishe kibao. Ilibidi nimweleze Ndanu kwanza ili akubali kuipeleka. Alikwenda. Siwezi kukuahidi kwamba Murunga atakuwa amekibadilisha kufikia Jumamosi, na ndiyo sababu barua hii lazima ikufikie kabla. Ukienda utasoma pale jina jingine, ukiwa umevaa koti, na mwanao amesimama nawe ameshika simu akupige picha. Sikutaka ukalipate ukutani.

Kwa habari ya Collins, usiseme kwamba nimekushika mara ya pili. Pale barabarani sikufanya lolote. Wewe ndiye uliyelitoa jina lile, na marehemu mke wangu ndiye aliyemfundisha salamu. Nakuomba tu usimwambie aliache. Yeye hana kosa, na jina amelibeba vizuri.

Ukiamua Jumamosi msipitie hapa, nitaelewa. Ndanu amejua kwamba huenda msipite.

Limebaki hili moja. Nimelizunguka siku tatu. Kibao hakikukosewa na Murunga. Yeye alifanya kazi yake sawasawa. Alikuwa amekuta jina langu kwenye karatasi za Bwana Mawe, kwa sababu namba zote ziliandikwa kwa mkono wangu, akanitafuta mpaka akafika hapa Gatina mwaka jana mwezi wa Machi. Tulikuwa tumeketi sebuleni, Ndanu yupo, watoto wake wako. Aliitoa picha kwenye bahasha akaiweka mezani juu ya kitambaa. Akaweka kidole juu ya mtu aliye kwenye kamba, akaniuliza kwa heshima, "Mzee, huyu ni nani?"

Nilimwambia ni mimi.

Kavoi